Utafiti wa Selimundu Umekimbia, Sasa Umfikie Mtoto

Hotuba iliyotolewa Mwanza katika maadhimisho ya Siku ya Selimundu Duniani, mbele ya wazazi, wahudumu wa afya, wanafunzi na viongozi wa mikoa ya Kanda ya Ziwa.

Ndugu mwenyekiti, waheshimiwa viongozi, madaktari na wauguzi tunaoshirikiana nao kila siku, wanafunzi wa vyuo vya afya, na zaidi ya wote ninyi akina mama na akina baba mliokuja na watoto wenu: itifaki imezingatiwa. Wazee wetu, shikamooni.

Nimeombwa nieleze utafiti wa magonjwa ya damu na kinga ya mwili umefika wapi. Magonjwa ya kuzungumzia ni mengi, lakini nimechagua moja tu, selimundu, ambayo mitaani tunaiita sikoseli. Sidhani kama kuna ugonjwa mwingine wa damu ambao sayansi imejifunza mengi kiasi hiki kutoka kwenye mishipa ya watu wa pwani na ya ziwa hili, halafu faida ya elimu hiyo ikachelewa kiasi hiki kuwarudia. Hilo linaniuma, na ndilo nitakalolisema leo bila kuzunguka.

Mimi ni mtu wa maabara, kwa hiyo niruhusuni nianzie kwenye darubini.

Kipimo chetu cha zamani hufanyika hivi. Unachoma kidole, tone la damu unaliweka juu ya kioo, unalichanganya na tone la sodiamu metabaisalfaiti, kemikali inayonyang'anya oksijeni. Unalifunika kwa kigae chembamba cha kioo, kisha unaziba kingo kwa vaselini au nta ili hewa isipenye. Halafu unasubiri. Ukichungulia mwanzoni unaona chembe nyekundu za duara zimetawanyika, kila moja imefifia kidogo katikati. Baada ya nusu saa hivi, ikiwa ndani yake mna himoglobini (protini inayobeba oksijeni) ya aina ya S, zinaanza kubadilika mbele ya macho yako. Moja inachongoka upande mmoja. Nyingine inarefuka na kutoa ncha mbili kali. Nyingine inapinda kabisa, ikawa mundu. Mama mmoja aliwahi kuchungulia akaniuliza, "Mwanangu, hivi ndivyo vinavyomchoma usiku?" Nikamjibu, ndiyo mama, ni hivyo.

Kinachotokea ndani ya chembe hiyo kinajulikana kwa undani usio wa kawaida. Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake nchini Marekani walionyesha kwamba himoglobini ya wagonjwa wa selimundu ni tofauti na ya watu wengine. Ilikuwa mara ya kwanza ugonjwa kuhusishwa moja kwa moja na molekuli yenye kasoro. Miaka michache baadaye Vernon Ingram, akiwa Cambridge, alipata mahali penyewe: katika mnyororo wa protini wenye viungo 146, ni kiungo kimoja tu, cha sita, kilichobadilika. Herufi moja katika maandishi yote ya urithi. Basi hiyo herufi moja, pale oksijeni inapopungua, hufanya molekuli za himoglobini zishikane na kujipanga kuwa nyuzi ndefu ngumu zinazoivuta chembe na kuipindisha. Chembe ya kawaida huishi takriban siku 120. Hizi hufa baada ya wiki mbili au tatu. Ndiyo maana mtoto anaishiwa damu na macho yanakuwa ya njano, na zile zinazokwama kwenye mishipa midogo ndizo zinazoleta yale maumivu ya mifupa mnayoyajua kuliko mimi.

Nisipite hapa bila kuonya. Kipimo nilichokieleza hakitofautishi mtu mwenye ugonjwa na mtu aliyebeba kinasaba kimoja tu. Wote wawili chembe zao zitapinda kwenye kioo. Ukipewa karatasi iliyoandikwa "chanya" na hakuna maelezo mengine, hujajua kama wewe au mwanao ni AS, yaani mbebaji wa kinasaba kimoja, au ni SS, yaani mgonjwa mwenye viwili, na tofauti ya hayo mawili ni kubwa mno. Dai kipimo cha pili, elektroforesisi au kingine kinachotaja aina ya himoglobini. Nimeona watu wazima wenye afya njema wakiishi kwa hofu miaka mingi kwa sababu ya karatasi kama hiyo, na nimeona pia watoto wagonjwa kweli ambao karatasi yao ilifungiwa kabatini kwa kuwa iliandikwa neno lile lile.

Na jambo la urithi, kwa ufupi. Mtoto wa SS amepokea kinasaba kimoja kwa mama na kingine kwa baba. Baba anayesema ugonjwa umetoka ukoo wa mke hajaelezwa vizuri, na mama asikubali kubebeshwa lawama hiyo peke yake. Wazazi wote wawili wakiwa AS, kila mimba ina uwezekano wa robo kuzaa mtoto mwenye SS. Nasema kila mimba. Kuna wazazi huambiana, "tumeshampata mmoja, watatu wanaofuata watakuwa salama." Sivyo. Mimba ya pili haijui kilichotokea kwenye ya kwanza.

Sasa kwa nini kinasaba hiki kimejaa kwetu? Jibu lilipatikana Afrika Mashariki. Mwaka 1949 kijana aitwaye Anthony Allison, aliyekulia Kenya na kusoma Oxford, alikuja na msafara wa chuo chake kwenye Mlima Kenya. Yeye akawa anakusanya damu. Akagundua kwamba pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, katika baadhi ya jamii, zaidi ya watu 20 kati ya 100 walikuwa wamebeba kinasaba cha selimundu, lakini kwenye nyanda za juu hata mmoja kati ya 100 ilikuwa shida kumpata. Akajiuliza pwani na ziwa vina nini ambacho mlima hauna. Jibu lake lilikuwa malaria. Alirudi mwaka 1953, akafanya kazi Kenya, Uganda na Tanganyika, na mwaka 1954 akachapisha matokeo yaliyobadilisha biolojia: aliyebeba kinasaba kimoja ana kinga dhidi ya malaria kali, na ndiyo maana kinasaba hicho hakikufutika licha ya kuua watoto wanaokipata mara mbili.

Sehemu ya ushahidi wake ilitoka kwa wanaume 30 wa Kiluo waliopewa malaria kwa makusudi. Kati ya 15 ambao hawakuwa na kinasaba, 14 walipata vimelea. Kati ya 15 waliokuwa nacho, walipata 2 tu. Allison aliandika kwamba walijitolea. Leo hakuna kamati ya maadili ingeruhusu kazi hiyo ifanyike vile ilivyofanyika. Vitabu vya tiba duniani kote vinalitaja jina la Allison, na anastahili; majina ya wale 30 hayasomwi popote. Mimi huwakumbuka kila ninapofundisha somo hili, na nawaomba ninyi wanafunzi mliopo hapa mfanye hivyo hivyo.

Kazi hiyo haikuishia 1954. Pale Kilifi, katika pwani ya Kenya, kituo cha utafiti kilichoanzishwa mwaka 1989 kimefuatilia watoto kwa miongo mitatu na zaidi. Mwaka 2005 Thomas Williams na wenzake walionyesha kwa hesabu za uhakika kwamba mtoto wa AS amekingwa kwa karibu asilimia 90 dhidi ya malaria kali. Mwaka 2020 timu hiyo ya Kilifi, Silvia Kariuki akiwa mwandishi wa kwanza, ilieleza kundi la damu liitwalo Dantu, ambalo takriban mtu 1 kati ya 10 katika eneo lile analo. Walirekodi video wakaona vimelea vya malaria vikijaribu kuingia kwenye chembe za watu hawa na kushindwa, kwa sababu ngozi ya chembe imekaza kupita kiasi. Na mwaka 2021 likaja jambo ambalo binafsi lilinishtua. Watafiti waliolinganisha damu ya watoto wa Gambia na Kenya na vinasaba vya vimelea vilivyowaambukiza walikuta kwamba watoto wachache wa AS wanaopata malaria kali huwa wameshambuliwa na vimelea vyenye mabadiliko maalumu ya urithi. Yaani kimelea nacho kimeanza kujifunza kuivuka ile kinga. Vita hii ya maelfu ya miaka kati ya damu yetu na kimelea cha malaria bado inaendelea, na inaendelea hapa.

Naomba msinielewe vibaya, hasa akina mama. Kinga hiyo ni ya AS. Mtoto wa SS hana raha hiyo. Malaria ikimpata inammaliza damu haraka. Chandarua na dawa ya kinga kwake ni lazima.

Nigeukie kinga ya mwili, kwa sababu watu wengi hawajui kwamba selimundu ni ugonjwa wa kinga kama ilivyo ugonjwa wa damu. Bandama, kile kiungo kilicho chini ya mbavu za kushoto, kazi yake ni kuchuja damu na kukamata bakteria. Kwa mtoto wa SS chembe zilizopinda zinaiziba bandama na kuiua kidogo kidogo, mara nyingi kabla hajafikisha miaka mitano. Mlinzi ameondoka. Hapo bakteria wa nimonia, ambaye kwa mtoto mwingine angeleta kikohozi na homa, anaingia kwenye damu na kuua kwa saa chache. Utafiti wa Kilifi uliochapishwa mwaka 2009 ulionyesha kuwa bakteria huyo ndiye anayeongoza kwa watoto wa selimundu, akifuatiwa na wenzake kama Salmonela. Kabla ya hapo kulikuwa na mabishano kama kwa Afrika hali iko hivyo. Mabishano yakaisha.

Dawa ya kuzuia hilo ni ya zamani na ya bei ya chini: penisilini ya kunywa, mara mbili kwa siku, hadi umri wa miaka mitano. Mwaka 1986 utafiti wa Marekani ulipima jambo hili kwa watoto wadogo, na maambukizi ya bakteria wa nimonia yakapungua kwa asilimia 84. Utafiti ulisimamishwa mapema kwa sababu haikuwa haki kuendelea kuwapa wengine vidonge visivyo na dawa. Imeongezewa nguvu na chanjo ya nimonia, ambayo Kenya ilianza kuitoa mwaka 2011 na Tanzania watoto wetu wanaipata tangu 2013. Ninayasema haya ya zamani katikati ya hotuba kuhusu mambo mapya kwa makusudi. Mtoto hawezi kupewa penisilini ya selimundu kama hakuna anayejua kwamba ana selimundu. Nitarudi hapo.

Sasa dawa ambayo nataka mtoke hapa mkiijua vizuri: haidroksiyurea. Wengi mmeisikia, wengine mmeiogopa, kwa sababu hutumika pia kwa saratani za damu. Inafanya kazi mbili kubwa. Kwanza inauamsha mwili utengeneze tena himoglobini ya kichanga, ile tunayozaliwa nayo, ambayo haipindi. Daktari Janet Watson wa New York aliona tangu mwaka 1948 kwamba vichanga wenye selimundu hawaugui miezi ya mwanzo, akahisi kuwa himoglobini hiyo ndiyo inayowalinda. Pili, dawa hii inapunguza chembe nyeupe aina ya nyutrofili. Hizi ni askari wa kinga ya mwili, lakini kwa mgonjwa wa selimundu zimechokozwa muda wote. Zinanata kwenye kuta za mishipa na kuzizuilia njia zile nyekundu zilizopinda. Ukizipunguza kwa kipimo, damu inapita.

Marekani dawa hii ilithibitishwa kwa watu wazima katika miaka ya 1990. Kwetu ilikaa nje ya mlango miaka ishirini nyingine. Hoja iliyotolewa, na ilikuwa hoja halali, ni kwamba ikipunguza chembe nyeupe katika nchi yenye malaria na maambukizi mengi, huenda ikaua badala ya kuponya. Njia pekee ya kujibu ilikuwa kuipima hapa hapa. Kampala, katika hospitali ya Mulago, Robert Opoka na wenzake walilinganisha haidroksiyurea na kidonge kisicho na dawa kwa watoto wadogo, na mwaka 2017 wakatangaza kwamba malaria haikuongezeka. Kisha ukaja utafiti mkubwa zaidi, ulioongozwa na watu wakiwemo Léon Tshilolo wa Kinshasa, uliofanyika Luanda, Kinshasa, Kilifi na Mbale. Watoto 606 wa umri wa mwaka mmoja hadi kumi walianza dawa.

Ngoja niwasomee matokeo polepole, kwa hesabu ya kila watoto 100 katika mwaka mmoja. Mashambulizi ya maumivu yalishuka kutoka 98 hadi 45. Malaria, ile ile tuliyoiogopa, ikashuka kutoka 47 hadi 23. Kuongezewa damu kutoka 43 hadi 14. Vifo kutoka karibu 4 hadi 1. Matokeo hayo yalitangazwa Desemba 2018.

Kila mtu hapa aliyewahi kuhangaika usiku kutafuta ndugu wa kuchangia damu anaelewa maana ya kutoka 43 hadi 14. Na wauguzi, mnaelewa maana yake kwa benki ya damu ambayo inawahudumia pia akina mama wanaotoka damu wakijifungua. Baadaye Uganda wakaonyesha, mwaka 2020, kwamba kupandisha dozi taratibu hadi kiwango anachokihimili mtoto kunafaa kuliko kumwacha kwenye dozi ndogo ya kudumu. Dawa hii inahitaji kupimwa wingi wa damu mara kwa mara, kwa hiyo msiinunue dukani kwa kuambiwa na jirani. Lakini daktari akikuandikia, usiikimbie. Imepimwa kwa watoto wetu, katika malaria yetu.

Sio kila dawa mpya iliishia vizuri. Mwaka 2019 Marekani iliidhinisha voxelotor kwa sababu ilipandisha kiwango cha himoglobini. Tafiti zilizofuata, zilizohusisha wagonjwa wa Afrika pia, zilionyesha vifo vingi kuliko ilivyotarajiwa, na Septemba 2024 kampuni ya Pfizer ikaiondoa duniani kote. Himoglobini kupanda kwenye karatasi yangu ya maabara si sawa na mtoto kupona. Sisi watu wa maabara tunapaswa kulibandika hilo ukutani.

Naam, ile habari mliyoisikia redioni, ya kuponya selimundu kwa kuhariri vinasaba. Ni kweli. Mwaka 2008 maabara ya Stuart Orkin kule Boston ilionyesha kwamba kuna kinasaba kiitwacho BCL11A ambacho ndicho swichi inayozima himoglobini ya kichanga mtoto anapokua. Wazo likawa: tukiizima hiyo swichi, himoglobini nzuri itarudi. Chombo cha kuifikia kilitoka mahali pasipotarajiwa. Bakteria nao hushambuliwa na virusi, na wana kinga yao, mkasi wa protini unaokata vinasaba vya virusi walivyowahi kukutana navyo. Emmanuelle Charpentier na Jennifer Doudna waliugeuza mkasi huo, CRISPR, kuwa chombo cha kukata kinasaba chochote unachotaka, wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 2020. Mwaka 2019 mama mmoja wa Mississippi, Victoria Gray, alikuwa mgonjwa wa kwanza wa selimundu Marekani kutibiwa kwa njia hiyo. Uingereza ikaidhinisha tiba hiyo, Casgevy, Novemba 2023, na Marekani mwezi uliofuata. Kati ya wagonjwa 31 waliofuatiliwa vya kutosha, 29 walikaa angalau mwaka mzima bila shambulio kali la maumivu.

Nilifurahi kama mtoto niliposoma hayo. Na sitawaficha yaliyobaki. Chembe mama za damu zinatolewa kwa mgonjwa, zinahaririwa maabara, na kabla hazijarudishwa anapewa dawa kali ya kuua uloto wake wote, ule ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu. Wiki kadhaa anakaa bila kinga yoyote, na uwezo wa kuzaa unaweza kupotea. Bei iliyotangazwa Marekani ni dola milioni 2.2 kwa mtu mmoja, zaidi ya shilingi bilioni 5. Wengi wa watoto wanaozaliwa na ugonjwa huu duniani, zaidi ya robo tatu, wanazaliwa Afrika kusini mwa Sahara. Tiba iliyotokana na kinasaba chetu haijapangwa kwa ajili ya mifuko yetu.

Njia itakayotufaa kweli ni sindano moja inayopeleka chombo cha kuhariri moja kwa moja kwenye uloto, bila kuua chochote kwanza. Kwa seli za damu hilo bado liko katika hatua za mwanzo za utafiti. Kwa ini limeshafanyika kwa binadamu: mwaka 2025 kichanga wa Philadelphia mwenye ugonjwa adimu wa kimetaboliki alipewa tiba ya kuhariri iliyotengenezwa kwa ajili yake peke yake. Vijana mnaosoma hapa Mwanza, nawasihi, kazi hiyo ya uloto msiwaachie wengine.

Kupandikiza uloto wa ndugu ni njia nyingine, na hii tunayo nchini. Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, imekuwa ikiwapandikiza watoto wenye selimundu tangu 2023. Kikwazo ni kupata ndugu anayelingana, na uwezekano kwa kila ndugu wa baba na mama mmoja ni robo. Ndiyo maana habari ya upandikizaji wa nusu ulinganifu inanipa moyo kuliko hata CRISPR. Katika hiyo, mama, baba au ndugu yeyote anayelingana nusu anaweza kutoa. Zamani ilishindikana kwa sababu seli za kinga za mtoaji zilifika mwilini mwa mgonjwa na kumshambulia. Sasa siku ya tatu na ya nne baada ya kupandikiza mgonjwa hupewa saiklofosfamaidi, dawa ya zamani isiyo ghali. Inaua zile seli za kinga zilizokwisha kucharuka, huku zile ziitwazo seli T za udhibiti, zinazotuliza wenzao, zikihimili zaidi na kubaki. Seli hizo za udhibiti ndizo zilizowapa Mary Brunkow, Fred Ramsdell na Shimon Sakaguchi Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2025. Matokeo ya utafiti wa Marekani kwa watu wazima 42 wa selimundu yalichapishwa mwaka huo huo: miaka miwili baada ya kupandikizwa hivyo, asilimia 95 walikuwa hai. Na Allison yule yule wa Mlima Kenya, uzeeni alishiriki kutengeneza mikofenoleti, dawa ya kutuliza kinga inayotumika hadi leo kwa waliopandikizwa viungo, nayo ni sehemu ya tiba hiyo ya nusu ulinganifu. Mtu mmoja, kuanzia damu ya ziwa hili hadi hapo.

Sasa nirudi kwenye lile nililoahidi: kumjua mtoto mwenye selimundu.

Mwaka 2020 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa Kanda ya Ziwa. Watafiti hawakuchoma mtoto hata mmoja upya. Walichukua karatasi za matone ya damu kavu ambazo tayari zilikuwa zimekusanywa kwa vichanga kwa ajili ya kipimo cha VVU na kupelekwa maabara ya hospitali ya Bugando hapa Mwanza, wakazipima selimundu. Uganda ilikuwa imefanya vivyo hivyo kabla. Jibu la huku kwetu: watoto 20 kati ya 100 wamebeba kinasaba kimoja, na zaidi ya 1 kati ya 100 ana ugonjwa. Tanzania nzima inakadiriwa kupata watoto wapatao 11,000 wenye selimundu kila mwaka. Kwa makadirio yanayotumika, pasipo huduma zaidi ya nusu ya watoto wa namna hii Afrika hufa kabla ya miaka mitano, wengi wao bila jina la ugonjwa kuandikwa popote. Inaandikwa homa. Inaandikwa upungufu wa damu.

Zipo sasa kadi za kupimia zinazotumia kingamwili zinazotambua himoglobini A, S na C. Tone moja la kisigino, majibu kwa takriban dakika kumi, bila umeme, hata kwa mtoto aliyezaliwa leo. Muuguzi wa zahanati anaweza kulifanya hilo kabla mama hajaruhusiwa kwenda nyumbani, na pale pale penisilini ikaanza kupangwa, kliniki ikajulikana, baba akaitwa akaelezwa.

Waheshimiwa wa mikoa ya ziwa mliokaa mstari wa mbele, barabara za kupeleka sampuli mnazo, karatasi za tone kavu mnazo, maabara mnayo, wauguzi hawa hapa. Kwa nini mtoto anayezaliwa leo Sengerema, Ukerewe au Geita anaondoka wodini bila kupimwa selimundu? Naomba swali hilo lijibiwe hapa hapa, mbele ya wazazi hawa, kabla hatujavunja mkutano.